Mpishi wa Ayalandi na Deni Letu la Jikoni

Wahenga walitahadharisha: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tunaikariri sana katika madarasa yetu ya fasihi simulizi. Tunaichambua, tunaitungia maswali ya mtihani, kisha saa ya chakula cha mchana ikifika tunaelekea mkahawani kuagiza vibanzi. Viazi vinavyokatwa vibanzi hivyo, mkulima wa Nyandarua au Meru akizungumza Kiingereza huviita viazi vya Ayalandi. Akizungumza Kiswahili huviita viazi vya Ulaya. Waama, si vya Ayalandi wala si vya Ulaya. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, vikafikishwa Ulaya katika karne ya 16. Tumelizoea jina kiasi cha kutoliuliza limetoka wapi.

Mimi nililiuliza, na swali hilo likanifikisha kwa mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia katika masomo yangu yote: Myrtle Allen, mpishi wa Ayalandi aliyezaliwa mwaka wa 1924 na kufariki mwaka wa 2018. Msomaji mpenzi ana haki ya kuuliza: mpishi wa nchi ya mbali anatuhusu nini sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Makala hii ni jibu la swali hilo. Ninashikilia kwamba maisha ya mpishi huyu ni funzo kuhusu lugha kama yalivyo funzo kuhusu chakula, na kwamba sisi wanakiswahili tuna deni jikoni ambalo hatujaanza kulilipa.

Ili kuielewa kazi yake, yafaa tuanze na njaa. Kufikia mwaka wa 1845 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane, na maskini wengi wa mashambani walitegemea takribani zao moja tu, kiazi, tena kwa kiasi kikubwa kiazi cha aina moja. Mwaka huo ugonjwa wa ukungu ulivamia mashamba ukaviozesha viazi ardhini, ukarudi tena katika miaka iliyofuata. Kufikia mwaka wa 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Jambo linalochoma moyo ni kwamba nchi haikukosa chakula kabisa. Nafaka, mifugo na siagi viliendelea kupakiwa melini kuelekea Uingereza ilhali waliovizalisha wanazikwa. Njaa ile haikuua watu tu. Maeneo yaliyoathirika zaidi, hasa ya magharibi, ndiyo yaliyokuwa ngome za lugha ya Kiayalandi. Hivyo wasemaji walikufa au wakahama, na waliobaki wakawafunza watoto wao Kiingereza ili wapate nauli ya maisha. Lugha iliyobaki ikawa alama ya ufukara, na vyakula vilivyookotwa ufukweni wakati wa dhiki, kama vile mwani na konokono wa baharini, navyo vikapata fedheha ileile. Ulimi mmoja ulipoteza mambo mawili kwa wakati mmoja: maneno na ladha.

Ndiyo maana karne moja baadaye, mtu aliyetaka kula vizuri katika hoteli za Ayalandi aliletewa orodha ya vyakula iliyoandikwa Kifaransa. Upishi wa heshima ulikuwa wa Kifaransa. Wa kienyeji ulikuwa wa nyumbani, wa kushibisha tumbo, usiostahili mgeni. Msomaji hana haja ya kusafiri ili kuifahamu hali hiyo.

Myrtle Allen alizaliwa katika mji wa Cork. Aliolewa na Ivan Allen, mkulima, mwaka wa 1943, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakanunua jumba kuukuu liitwalo Ballymaloe pamoja na shamba lake, karibu na kijiji cha Shanagarry na bandari ndogo ya Ballycotton. Hakuwa mpishi wa kusomea. Alijifunza kwa kuwapikia watoto wake sita kutokana na kile ambacho shamba la mumewe lilitoa: maziwa, siagi, mayai, nyanya, matufaha, nyama ya nguruwe. Mwaka wa 1962 alianza kuandika safu ya mapishi katika gazeti la wakulima wa nchi yake. Mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 40, alikifungua chumba chake cha kulia chakula kwa umma. Alitangaza gazetini kwa maneno machache, akapanga meza, akasubiri wageni. Chumba hicho kilipewa jina la Yeats kwa sababu mumewe alikuwa mkusanyaji wa picha za mchoraji Jack B. Yeats, nduguye yule malenga W. B. Yeats tunayemsoma katika fasihi ya Kiingereza.

Alichokifanya baada ya hapo kinaonekana chepesi leo, lakini wakati ule kilikuwa uasi. Aliiandika orodha yake ya vyakula upya kila siku, kwa kuwa hakujua atapika nini mpaka ajue wavuvi wa Ballycotton wameleta nini na bustani imetoa nini. Hakuagiza kutoka mbali kile ambacho msimu wake ulikuwa umepita. Mabaki ya jikoni yalirudi kwa kuku na nguruwe, na samadi ikarudi bustanini. Leo tunauita mwenendo huo upishi endelevu na kuuandalia makongamano. Yeye aliuona kuwa busara ya kawaida ya mke wa mkulima. Aidha, aliandika kwa maneno mepesi ya watu wake, akitaja mahali chakula kilikotoka, katika nchi ambayo mahali hapo palionewa haya.

Kufikia mwaka wa 1975 mkahawa huo ulikuwa umepata nyota ya Michelin, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Ayalandi kutunukiwa heshima hiyo. Mwaka wa 1977 alichapisha kitabu chake cha mapishi ya Ballymaloe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliuvusha upishi huo hadi Paris, akaendesha huko mkahawa wa chakula cha Ayalandi. Hebu msomaji afikirie: mwanamke wa shambani anawaandalia Wafaransa, jijini mwao, chakula ambacho watu wake walikuwa wamefundishwa kukidharau! Mwaka wa 1986 alikuwa miongoni mwa wapishi waliounda Euro-Toques, muungano wa wapishi wa Ulaya wa kutetea vyakula vya asili na wazalishaji wadogo, na baadaye akawa rais wake. Wakaguzi walipotaka kuwabana watengenezaji wa jibini ya maziwa yasiyochemshwa, alisimama upande wa watengenezaji, kwani alielewa kwamba mzalishaji mdogo akianguka chakula chake hakitapikwa tena na yeyote.

Hali kadhalika, hakuikumbatia elimu yake kama mali ya siri. Darina, aliyefika Ballymaloe akiwa mpishi kijana na baadaye akawa mkaza mwanawe, alianzisha shule ya upishi karibu na hapo mwaka wa 1983. Shule hiyo imo katikati ya shamba, na wanafunzi wake kutoka pande nyingi za dunia hujifunza kupanda na kutengeneza mboji kabla ya kushika mwiko. Leo wapishi wa kizazi cha baadaye wanaendeleza safari hiyo. Katika mji wa Galway kuna mkahawa wa Jp McMahon uliofunguliwa mwaka wa 2011. Jina lake, Aniar, ni neno la Kiayalandi lenye maana ya kutoka magharibi. Lugha iliyofukuzwa mezani kwa njaa imerudi mlangoni mwa mkahawa.

Nimetaja mwani. Hapa ndipo hadithi ya Ayalandi inapotufikia sisi bila kulazimishwa. Miongoni mwa vyakula ambavyo Myrtle Allen alivirudishia heshima ni kitindamlo cha maziwa kinachogandishwa kwa mwani mwekundu wa miambani. Mwani huo huchumwa, huanikwa juani hadi ukapauka, huchemshwa katika maziwa kisha hukamuliwa, na maziwa yale hushikana yenyewe bila unga. Kwa Kiayalandi mwani huo huitwa carraigín. Carraig ni mwamba, na kiambishi cha mwisho ni cha kudunisha, kama ki- yetu. Kwa hiyo jina lenyewe ni kama kusema kijiwe. Wanasayansi walipoitenga ile dutu inayogandisha, waliipa jina kutokana na neno hilo la wavuvi, nayo ndiyo karaginani inayowekwa katika aiskrimu na dawa za meno kote duniani. Je, malighafi ya karaginani hutoka wapi siku hizi? Baadhi yake hutoka kwetu. Kina mama wa Kibuyuni katika kaunti ya Kwale, na wenzao wa Unguja na Pemba, huingia majini wakati wa maji kupwa, wakafunga mbegu za mwani kambani, wakauvuna, wakauanika, na sehemu kubwa ikauzwa ng'ambo. Zao ni la mikono ya Waswahili, lakini jina la kiwandani ni la Waayalandi. Siwalaumu Waayalandi. Wao walilitunza neno la jikoni mwao hadi likawa istilahi ya dunia. Swali ni letu: maneno ya kina mama hao, kuhusu kamba, mawimbi, magonjwa ya mwani na namna ya kuuanika, yamo katika kamusi gani? Ni tasnifu ngapi za idara zetu zimewahi kuwafuata majini?

Nitatoa ushahidi wa karibu zaidi. Marehemu nyanya yangu, katika kijiji chetu cha Kakamega, alipika mrenda kwa maji ya majivu. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akayachuja majivu kwa maji, tone kwa tone, akapata kiowevu cha rangi ya chai kilichoilainisha mboga na kuipa ladha yake. Alikuwa na neno kwa majivu yaliyoiva na jingine kwa yasiyofaa, na neno la tatu kwa maji ya mchujo wa pili ambayo hayatumiwi kwa mboga ile ile. Nilikuwa nikimsikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa kwenye vitabu. Alipofariki, jamaa walikusanyika, na mmoja wa shangazi zangu akataka mrenda upikwe kama alivyoupika marehemu. Hakuna aliyejua maganda yachomwe kiasi gani. Tulinunua magadi dukani. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili wakati huo, nikijua aina zote za tamathali za usemi, na sikuweza kukumbuka hata moja kati ya maneno yale matatu.

Jambo hilo lilinisumbua hata nikapendekeza, katika semina moja ya uzamili, kuchunguza msamiati wa upishi katika riwaya za Kiswahili na katika vinywa vya wapishi wenyewe. Nilijibiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya idara ya sayansi kimu, na kwamba mwanafasihi atafute mada yenye uzito. Jibu hilo silitaji kwa kinyongo. Aliyelitoa alinitakia mema. Hata hivyo naamini alikosea. Chakula ni mojawapo ya mahali ambapo lugha huishi kila siku. Mila zetu za jando, harusi na matanga zina vyakula vyake, na vyakula hivyo vina majina, miiko na nyimbo. Ikiwa fasihi simulizi ni taaluma, basi jikoni ni maktaba yake.

Yapo mapingamizi mengine ambayo sharti niyajibu. Mosi, yamkini msomaji atasema kwamba upishi wa Ballymaloe ni wa matajiri. Pingamizi hili lina ukweli. Nyumba ile ni jumba la kabaila, na maskini wa Ayalandi hawakuwa ndio waliojaza meza zake. Myrtle Allen alianza na shamba na jumba. Wengi wetu tuna ploti tu, au hatuna hata hiyo. Tena kuna hatari kwamba chakula cha maskini kikiisha kusifiwa na matajiri hupanda bei, naye maskini akabaki na vibanzi. Lakini kasoro hiyo haifuti funzo. Fedha nyingi za meza ile ziliwafikia mvuvi wa Ballycotton, mtengenezaji wa jibini na mchumaji wa mwani, nao wakapata sababu ya kuendelea na kazi zao. Sisi hatuhitaji jumba. Tunahitaji mkahawa wa chuo unaonunua mnavu kutoka kwa mama aliye langoni.

Pili, wapo watakaodai kwamba hakuna chakula cha asili, kwani kila kitu kimetoka mahali. Kiazi ni mgeni Ayalandi, na mahindi ya ugali wetu pia ni mgeni kutoka bara lile lile la Amerika. Nakubali kikamilifu, na hapa nawapinga wenzangu wanaodhani kwamba kupenda asili ni kutafuta usafi. Myrtle Allen hakukifukuza kiazi mezani kwa kuwa kilitoka Andes. Alichokataa ni kukitegemea peke yake na kusahau vingine. Pilau yetu na chapati zetu zilipanda vyombo kutoka ng'ambo, na sasa ni zetu kwa sababu tumezipika kwa mikono yetu na kuziita kwa ulimi wetu. Kiswahili chenyewe ndivyo kilivyo. Kilipokea kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na hakikupungua. Hatari haiko katika kupokea. Iko katika kupokea kimoja na kukiacha kifute vyote. Ayalandi iliijua hatari hiyo mwaka wa 1845. Sisi tuliionja mwaka wa 2011, ugonjwa hatari wa mahindi ulipogunduliwa Bomet na kuangamiza mashamba ya watu wasio na zao jingine la kukimbilia. Anayekula zao moja na anayesema lugha moja ya kukopa wako katika mtumbwi mmoja.

Tatu, litakuwapo pingamizi la wakati: kwamba mambo haya yamekwisha, vijana hawataki mboga za kienyeji. Hili si kweli. Mboga kama mnavu, saga, kunde na mrenda, zilizowahi kuitwa chakula cha maskini, zimerudi sokoni, na kwa nguvu. Mnamo mwaka wa 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi na kukuza vyakula vya jadi kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi wa utamaduni. Watafiti wa mimea na wa lishe walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Walienda vijijini, wakaorodhesha mimea, wakauliza mapishi, wakaandika. Walioandika kwa bidii walikuwa wanasayansi, na waliandika hasa kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi?

Nitaeleza tulikokuwa. Katika kongamano moja la Kiswahili nililohudhuria, tulijadili kwa siku mbili nafasi ya Kiswahili katika maendeleo. Mada zilikuwa nzito na makofi yalikuwa mengi. Wakati wa maakuli ulipofika, kadi zilizowekwa mezani ziliorodhesha vyakula kwa Kiingereza tupu, na hapakuwa na hata mboga moja ya kienyeji. Hakuna aliyelalamika, nikiwemo mimi. Nilikula, nikashiba, nikarudi ukumbini kusikiliza mada kuhusu ukoloni mamboleo.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu, nayo ni madogo kwa makusudi. Kwanza, kila mwanachama wa chama chetu atakapokwenda likizo, akae jikoni na mzee mmoja, mwanamke au mwanamume, aandike pishi moja tangu kuni hadi sahani: maneno yote, ya Kiswahili na ya lugha ya mama, pamoja na maana zake. Jarida hili litenge ukurasa wa kuyachapisha. Wanachama arobaini kwa miaka mitatu watatupa mapishi mia moja na ishirini, na hiyo ni hazina ambayo kamusi zetu hazina. Pili, hafla zote za chama chetu ziwe na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiswahili, na angalau nusu ya vyakula hivyo iwe ya mazao ya eneo tulipo katika msimu huo. Mpishi na chama watabishana kuhusu majina. Wacha wabishane, ndivyo istilahi zinavyozaliwa. Tatu, nawasihi wahadhiri wetu watukufu waufungue mlango wa utafiti wa uzamili kwa msamiati wa upishi, uvuvi na kilimo. Tusiyaache maneno ya kina mama wa Kibuyuni yasubiri mtafiti kutoka ng'ambo.

Myrtle Allen hakungoja serikali, wala hakungoja kuhitimu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, ana watoto, hana cheti cha upishi, na taifa lake liliamini kwamba chakula chake hakifai kwa mgeni. Alianza na kile kilichokuwamo bustanini asubuhi ile, akakiandika kwa maneno ya nyumbani, na kesho yake akaandika tena. Aliendelea kuandika hivyo kwa miaka mingi mpaka haya ikawaondoka wenzake.

Nyanya yangu hatarudi kunieleza kuhusu majivu. Hata hivyo, mmoja wa dada zake yu hai, na nimesikia kwamba bado anachuja. Likizo hii nitakwenda na daftari.